Maswali ya Wasomaji: Mzazi Anapomtembelea Mwanawe na Kutaka Kuijua Nchi kwa Miguu

Barua tatu zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja: mzazi anayefunga safari kwenda kukaa na mwanawe aliyekwisha kujitegemea, katika sehemu asiyoijua, na ambaye angependa kuijua sehemu hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu mengi yaliyomo yanawahusu pia waandishi wa zile nyingine.

SWALI

Mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Mbagala, Dar es Salaam. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alihamishiwa Lushoto, na sasa amenialika nikakae naye mwezi mzima. Napenda sana kutembea, lakini nasita kwa mambo mawili. Kwanza, anaishi peke yake na kazi yake ni ya zamu, nyingine za usiku, nami sitaki akatishe usingizi wake ili anitembeze. Pili, sijawahi kuishi milimani, nina presha inayodhibitiwa kwa dawa, na sijui nianzie wapi bila kupotea au kuumia. Je, nimwombe achukue likizo, au niahirishe safari?

Mwalimu mstaafu, Mbagala

JIBU

Mama, usiahirishe safari, wala usimwombe binti yako likizo. Mwombe siku zake za mapumziko tu, na zilizobaki jipangie mwenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hakuna mtoto mwenye adabu atakayemkabidhi mama yake jembe, kwa hiyo ni juu yako kulichukua bila kupewa, na kwa mtu anayependa kutembea kama wewe, jembe hilo ni kwenda sokoni, kupeleka viatu kwa fundi, na kurudi na habari za mtaa ambazo mwanao, kwa kutoka alfajiri na kurudi usiku, huenda hajapata kuzisikia. Mzazi anayekaa sebuleni kutwa akisubiri mwanawe arudi ndipo siku ianze humchosha mwenyeji wake hata kama haombi chochote. Binti aliyetoka zamu ya usiku atalala vizuri zaidi akijua kwamba mama yake yuko njiani anatembea kwa furaha, kuliko akijua kwamba amekaa kimya chumba cha pili ili asimwamshe.

Lushoto iko katika Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wakoloni wa Kijerumani, waliokuwa wakikimbia joto la pwani, waliuita mji huo Wilhelmstal, na baridi iliyowavuta wao itakupokea na wewe, hasa ukienda kati ya Juni na Agosti, wakati sweta na soksi nzito si mapambo. Basi kutoka Dar es Salaam hupita Chalinze, Segera na Korogwe mpaka Mombo, ambako huiacha barabara kuu ya Arusha na kupanda zaidi ya kilomita 30 za kona kali kupitia Soni. Kama gari hukutia kichefuchefu, kaa viti vya mbele na kula kidogo tu kabla ya Mombo. Mkikaribia Soni, maporomoko ya maji huonekana kando ya barabara, na kuanzia hapo utaona nchi imebadilika sura kabisa: matuta ya kabichi, karoti na viazi mviringo yamepangwa ngazi kwa ngazi mpaka juu ya vilima.

Mwinuko huo hautoshi kumletea mtu ugonjwa wa milima mirefu, lakini aliyezoea kuishi karibu na bahari atajiona akihema mapema kuliko kawaida yake, na huenda akadhani ni afya imeyumba kumbe ni mlima. Siku mbili za kwanza tembea mjini tu. Kipimo kizuri cha mwendo, ambacho hakihitaji kifaa chochote, ni mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikatiza ili uvute pumzi, mwendo wako ni sawa, usipoweza, simama upumzike, hata kama vijana wanaokupita wanaonekana hawana shida. Kabla ya kuondoka muone daktari wako, umweleze kwamba unakwenda kupanda vilima, na uchukue dawa za mwezi mzima pamoja na za akiba. Zibebe katika mkoba wa mkononi. Usiziweke kwenye begi linalokaa buti ya basi. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi hata baada ya kupumzika, safari ya siku hiyo imekwisha, na hatua inayofuata ni kituo cha afya.

Sasa nianzie wapi, umeuliza. Anzia mlangoni kwa binti yako, na njia za kwanza kuzijua ziwe zile anazopita yeye. Siku ya kwanza asiyo na zamu mwombe akupeleke kwa miguu mpaka kazini kwake, akuonyeshe anakonunua mboga, anakosali, anakochukulia bodaboda usiku ukiwa umeingia, kisha akutambulishe kwa majirani na kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji. Wengi huwa na haraka ya kufika mahali penye sifa, na kitongoji anachoishi mtoto wao wanakipita kama stendi. Mimi nakiweka mbele ya vyote, kwa sababu ndicho kitakachobaki kichwani mwako baada ya kurudi Mbagala: atakapokupigia simu na kukwambia kwamba amelowa kwenye kile kipande chenye matope kabla ya daraja, utajua ni wapi hasa. Tena kutambulishwa kuna faida ya usalama. Baada ya wiki moja usishangae kusikia unaitwa Mama Nesi na watu usiowajua majina, na mtu anayejulikana hivyo hawezi kupotea kwa urahisi, maana kila kona kuna mtu wa kumuuliza ama wa kumrudisha njiani.

Wiki ya pili, miguu ikiwa imezoea, nenda Irente. Ni mwendo wa kilomita tano au sita kutoka mjini, na kwa mtu wa umri wako anayetembea kwa utulivu ni kama saa moja na nusu mpaka mbili za kwenda. Njia inapita katikati ya nyumba na mashamba ya watu, na si ya upweke. Ondoka saa moja asubuhi. Saa hizo utakutana na akina mama wanaokwenda mjini na matenga kichwani, na hapo kuna jambo la kuzingatia: anayebeba mzigo ndiye mwenye njia. Sogea pembeni, upande wa mlimani wala si upande wa bondeni, msalimie, na umwache apite bila kulazimika kupunguza mwendo, kwa kuwa aliyebeba tenga la kabichi akiteremka hawezi kusimama ghafla. Ukiwa umejifunza kwa jirani wa binti yako salamu ya asubuhi ya Kisambaa, itoe hapo, hata kama inatoka na lafudhi ya pwani.

Kabla ya kufika mwisho utapita shamba la Irente, linalofahamika kwa jibini, jemu na mkate wake, ambapo unaweza kupumzika na kula. Mbele zaidi ndipo mlima unapokatika. Upande mmoja wa miguu yako ni Usambara yenye baridi na mawingu. Upande wa pili ardhi inashuka ghafla karibu mita 1,000 mpaka kwenye tambarare ya Mazinde, yenye mashamba ya mkonge na barabara kuu uliyopita na basi, na magari juu yake yanaonekana madogo kama punje za mtama. Keti, usisimame, na ukae mbali na ukingo, hasa mwamba ukiwa na unyevu. Huenda ukatozwa kiingilio kidogo, hivyo beba chenji.

Msitu ni habari nyingine. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, iliyo juu ya mji na inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ina njia nzuri chini ya miti mikubwa, na mwenye bahati huwaona mbega weusi kwa weupe wakiruka juu kwa juu, na vinyonga wenye pembe kwenye vichaka vya pembezoni. Huko usiende peke yako. Ukungu hushuka katikati ya mchana bila kuaga, njia zinafanana, na simu si mahali pote inashika. Chukua mwongozaji kutoka ofisi inayotambulika mjini, mkubaliane bei, muda na umbali kabla ya kuanza, uulize kama kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei hiyo, na udai risiti. Mwambie wazi umri wako na habari ya presha. Waongozaji wengi wamezoea vijana wanaokwenda mbio kuelekea Mlalo na Mtae kwa siku tatu au nne mfululizo, lakini mwongozaji mzuri atafurahi kutembea nawe saa mbili tu na kukueleza majina na matumizi ya miti. Akionyesha kukosa subira, mtafute mwingine.

Viatu vinastahili fedha kuliko kitu kingine chochote utakachonunua. Raba za mjini zenye soli laini hazifai: udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hunata kwenye soli mpaka mguu unakuwa mzito, kisha huteleza. Tafuta viatu vyenye soli ya meno, vikubwa kidogo ili vidole visigonge mbele wakati wa kushuka, na uvivae Dar es Salaam wiki kadhaa kabla ya safari. Kata kucha za miguu. Na usikatae fimbo. Watu huogopa kupanda, lakini wengi huanguka wakati wa kushuka, siku ikiwa inakwisha na magoti yamechoka. Kama una uhuru wa kuchagua mwezi, epuka masika, kati ya Machi na Mei.

Nirudi kwa binti yako. Katika siku zake za mapumziko mwache yeye achague njia na aongoze, hata ukiwa wewe umekwisha kuijua vizuri zaidi. Yeye ni mwenyeji. Umemlea, lakini hapa amekutangulia. Ukienda naye sokoni, usimpunguzie bei muuzaji wake wa kila siku mpaka ikawa aibu, kwa kuwa wewe utaondoka na yeye atabaki kununua palepale. Na mkiwa njiani, muulize habari za kazi yake kabla ya habari za posa. Watu wawili wanaotembea hutazama mbele, hawatazamani usoni, na kwa sababu hiyo mambo ambayo hayasemeki mezani husemeka njiani. Lakini mtoto akiona kila matembezi yanaishia kwenye swali la ndoa, siku ya mapumziko itakayofuata atakuwa na udhuru.

SWALI

Ninaishi Bukoba na mwanangu wa kwanza anafanya kazi Kigali. Ninakwenda kwake kwa wiki mbili. Amesema mji ni salama na ninaweza kutembea nitakavyo wakati yeye yuko kazini, lakini sijawahi kutembea peke yangu katika mji wa nchi nyingine. Ni yapi ya kuangalia?

Mzee wa Bukoba

JIBU

Mzee wangu, jambo la kwanza ni barabara yenyewe. Rwanda magari hupita upande wa kulia, kinyume na Tanzania, na mpita njia aliyezoea kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka atakuwa anatazama kusiko na gari. Kwa siku za mwanzo vuka kwenye vivuko tu, na uvuke pamoja na watu wengine. Ukishavuka mpaka wa Rusumo, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008, na zawadi za mwanao zipakiwe kwenye kikapu.

Kigali ni mji wa vilima, na ramani ya simu itakudanganya: mahali panapoonekana karibu huenda kukawa na bonde la kushuka na kilima cha kupanda kabla ya kufika. Jifunze mji kwa kufuata migongo ya vilima, ambako njia za waenda kwa miguu ni pana na nzuri, na upande pikipiki pale bonde linapokatisha safari. Jumapili mbili kila mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2016, baadhi ya barabara kuu hufungwa kwa magari saa za asubuhi, na wazee, watoto na wakimbiaji huzijaza. Mwombe mwanao aangalie ratiba, muitumie moja kwa matembezi yenu wawili. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kinyume chake, asubuhi ni ya umuganda, kazi za pamoja za jamii, na shughuli nyingi husimama. Kama mwanao anashiriki, mfuate ukawajue majirani zake.

Kwa matembezi yako ya peke yako, napendekeza Nyamirambo kabla ya mahali pengine popote. Ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Kigali, yenye misikiti na maduka ya nguo, na Kiswahili kinasikika kuliko sehemu nyingi za mji, hivyo utaweza kuuliza njia na kuzungumza na wazee wenzako bila mkalimani. Tena kwa Kihaya chako utashangaa maneno mangapi ya Kinyarwanda yanakuingia sikioni. Ukipata nguvu, mtaa huo uko chini ya Mlima Kigali, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,800, na kutoka juu mji wote unaonekana. Ukitaka njia isiyo na mlima hata kidogo, nenda bustani ya Nyandungu, ardhi oevu iliyofufuliwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2022. Andika kwenye karatasi jina la mtaa wa mwanao, namba ya nyumba na namba yake ya simu, uiweke mfukoni kila unapotoka, kwa sababu chaji ya simu huisha.

SWALI

Mimi ndiye mtoto. Nafanya kazi Tukuyu, na mama yangu, mkulima wa Singida mwenye miaka 67, anakuja kwangu kwa mara ya kwanza. Yeye hutembea kuliko mimi, na amesema hataki kukaa ndani. Nimepanga kumpeleka Ziwa Ngozi siku ya pili tu baada ya kufika. Rafiki zangu wanasema nitamuua mama wa watu. Nani yuko sahihi?

Kijana wa Tukuyu

JIBU

Rafiki zako wametia chumvi, lakini siku ya pili ni mapema mno. Safari ya Singida mpaka Tukuyu ni ndefu, miguu ya mzee huvimba kwa kukaa kwenye basi, na njia ya Ngozi ni mpando mkali ndani ya msitu, wenye mizizi na matope, ambao kwa mtu aliyezoea ardhi kavu na tambarare ya Singida si suala la nguvu tu, ni suala la kujua mahali pa kukanyaga. Mpe siku nne au tano. Mkienda, chukueni mwenyeji anayeijua njia, na mwisho wenu uwe ukingoni, ambapo ziwa linaonekana chini ndani ya shimo la volkano. Msishuke mpaka majini.

Jiulize pia mama yako ni mtu wa namna gani. Ni mkulima, ametoka kwenye mtama, alizeti na mvua ya kuhesabu, na anakuja Rungwe, moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Nadhani ziwa litamfurahisha, lakini migomba iliyozunguka nyumba mpaka dirishani, chai iliyokatwa sawasawa kama zulia na miparachichi iliyoinama kwa mzigo ndivyo vitakavyomsimamisha kila hatua. Mtembeze mashambani kwanza. Mtafutie jirani mkulima wa rika lake, mama ambaye yuko nyumbani saa ulizo kazini, na uwaache watembee wawili kuangalia mashamba. Watazungumza mbegu na bei, na jioni mama yako atakuwa na mengi ya kukueleza kuhusu mahali ambapo wewe umeishi muda wote huo ukipita kwa bodaboda.

Baada ya hapo mpeleke Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, mahali ambapo mwamba uliotokana na volkano umeunda daraja la asili juu ya maji. Sehemu kubwa ya njia mnaweza kwenda kwa gari na kutembea kipande kilichobaki. Mwamba huo huteleza. Mshike mkono bila kumwomba ruhusa. Mnunulie mabuti ya mvua sokoni Tukuyu, pea inayomtosha na soksi juu, kwa kuwa viatu alivyokuja navyo kutoka Singida havijawahi kukutana na mvua ya namna hiyo, na umwekee kando koti la mvua hata kama asubuhi anga iko wazi. Na kama atasema hajachoka, mtazame magoti anapoketi na anapoinuka. Akianza kujisukuma kwa mikono miwili ili ainuke, mpumzishe siku moja nzima, umpe kazi ya kukaa ambayo haitamdhalilisha, kama kukuchagulia maharage au kukufundisha kupika kitu ulichokikosa tangu ulipoondoka nyumbani, na safari ya Ngozi isogezwe mpaka wiki inayofuata.